Chombo Kisichouzwa Sandukuni

Miongoni mwa burudani za mikono zilizoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, ujenzi wa modeli za meli kwa vipande vya plastiki una mahali pake. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli ndogo ya Golden Hind, meli ambayo Francis Drake aliizungukia dunia katika karne ya 16, nayo ikauzwa madukani kwa shilingi 2 za nchi hiyo. Tangu hapo watoto na watu wazima wasio na idadi wamejifunza kwa njia hiyo kusoma michoro, kufuata utaratibu na kustahimili kazi ndogo ndogo zinazochosha macho.

Si haki kuidharau kazi hiyo, kama wafanyavyo baadhi ya wajenzi wa modeli za mbao. Kipande cha plastiki kimetanguliwa na ufundi mkubwa. Kalibu ya feleji huchongwa kwanza kwa usahihi mkubwa, kisha plastiki ya polistirini iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake kwa shinikizo. Ikipoa hutoka ikiwa na alama ya kila msumari na kila kiungo cha ubao. Hata gundi yake ni somo la kemia, kwa kuwa haishikizi tu nyuso mbili bali huzilainisha zikachanganyika na kuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo, mtu aliyezoea plastiki na sasa anataka kujaribu mbao hapaswi kuambiwa kwamba mbao ni bora kwa vile ni za asili, au kwa vile zanukia vizuri. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha tanga cha urefu wa mita 9 hivi, kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Ufundi uliotumika ulikuwa ule ule wa waunda majahazi. Heshima ya kazi, basi, haimo katika mali inayotumika.

Sababu yenye uzito imo katika ile kalibu. Kuitengeneza ni gharama kubwa, na gharama hiyo hurudi pale tu modeli zinapouzwa kwa maelfu mengi. Ndiyo maana madukani kumejaa Victory, Titanic na Bismarck, yaani meli ambazo sifa zake zilikwisha kuuzwa na vitabu na filamu kabla ya kuuzwa na kiwanda. Ni vigumu kutarajia kwamba mwenye kiwanda atachonga kalibu ya ngalawa ya Kilwa au dau la Pate. Mjenzi wa plastiki hana budi kuchagua katika yale ambayo wengine wamemchagulia. Mjenzi wa mbao, akiisha kujua kazi, aweza kujenga chombo chochote alichoweza kukipima.

Uhuru huo hauji bure. Katika modeli ya plastiki umbo la chombo limeamuliwa kiwandani: pande mbili hufumbwa kama magamba ya chaza, na ganda limekamilika. Katika mbao ganda lazima lijengwe. Kwa utaratibu wa kawaida wa modeli za mbao zinazouzwa, mjenzi hulaza mkuku, akasimamisha juu yake vipande bapa vilivyokatwa kwa umbo la chombo, vikashika nafasi ya mataruma, kisha akavifunika kwa vibao vyembamba. Hapo ndipo wengi waliotoka katika plastiki hukwama. Huchukua vibao vyenye upana mmoja tangu omo hadi tezi, wakavipanga kama wapangao vigae, halafu wakashangaa kuona kwamba vikikaribia omo vinapandana na kusimama kwa ubavu.

Sababu yake ni hesabu ya darasani. Na ichukuliwe kwamba ubavu mmoja wa modeli, ukipimwa kwa uzi kuanzia mkuku hadi ukingo wa juu, una milimita 120 katikati ya chombo. Vibao vya upana wa milimita 6 vitahitajika 20. Karibu na omo ubavu huo huo una milimita 70 tu, na vibao bado ni 20. Hivyo basi kila kimoja sharti kipunguzwe hadi milimita 3.5. Anayelijua jambo hili hugawa kila taruma mafungu 20 kwa penseli kabla ya kugusa gundi, na kila kibao hukipiga randa kikachongoka taratibu kuelekea mwisho. Fundi wa Nungwi hukabiliwa na swali hilo hilo kwenye jahazi kamili, naye hulijibu kwa jicho na mkono.

Mti nao una tabia zake. Ukilowekwa na kutiwa joto, ligini, ambayo ndiyo dutu inayoshikamanisha nyuzi zake, hulainika, na kibao hukubali kupindwa. Kikipoa na kukauka hubaki na mpindo ule. Vile vile ubao mbichi unapokauka hunywea asilimia kadhaa kwa upana, ilhali kwa urefu haufiki hata nusu asilimia. Modeli iliyojengwa kwa mti mbichi hupendeza siku ya kumalizwa, ikapasuka kiangazi. Haya hayasomwi katika plastiki, na hakuna karatasi ya maelekezo inayoweza kuchukua nafasi ya kibao cha kwanza kilichovunjika mkononi.

Kwa sababu hiyo, kuanza na meli kubwa ni jambo la kukatazwa kabisa. Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, ina milingoti mitatu na ilibeba mizinga zaidi ya 100. Kamba na kapi zake peke yake ni kazi ya miaka. Aliyeimaliza kwa plastiki hudhani ataimaliza pia kwa mbao, akanunua sanduku la bei kubwa, na mwishowe mataruma yake hubaki juu ya kabati yakipata vumbi. Mashua ya mlingoti mmoja, isiyo na sitaha, yenye vibao kumi au kumi na viwili kila upande, inamtosha anayeanza. Vifaa vyake ni kisu kikali, msumeno mdogo, tupa, msasa, gundi na vibanio vya nguo.

Kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili lina uzito mwingine. Watoto wa huko tangu zamani huchonga vijingalawa, wakavitia tanga la kitambaa na kuvishindanisha majini. Kwa hiyo hakuna ugeni katika kujenga chombo kidogo cha mti. Kilichokosekana ni kipimo, na hasara ya kukosa kipimo yaonekana katika habari za mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, lenye pembe nne. Kufikia katikati ya karne ya 20 haukuwapo tena baharini hata mmoja. Waliotaka kuufahamu baadaye walilazimika kutegemea picha chache, maandishi ya wageni waliouona, na modeli zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa tena Unguja na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Mwezi Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka. Hata chombo kilichofufuliwa hakina hakika ya kudumu, na kadiri mifano inavyokuwa mingi, katika mahali pengi, ndivyo maarifa yanavyokuwa salama zaidi.

Leo mashua za faiba zinachukua nafasi ya zile za mbao, na miti mikubwa inazidi kuwa adimu. Lakini majahazi, madau na ngalawa bado zipo, na bahari ikipwa hulala mchangani bila ya kumzuia mtu kuzipima. Vijana wawili wenye utepe, timazi, rula ndefu na daftari, wakiisha kumwomba nahodha ruhusa, waweza kupima dau katika muda wa maji kupwa na kujaa. Uzi hunyooshwa sambamba na mkuku, ukatiwa alama kila nusu mita. Penye kila alama timazi huteremshwa, na umbali kutoka kwenye timazi hadi ubavuni hupimwa kwa kila sentimita 20 za kimo. Tarakimu hizo zikihamishiwa kwenye karatasi ya miraba ndizo mataruma ya modeli.

Modeli iliyojengwa kwa vipimo yaweza pia kuulizwa maswali majini. William Froude, mhandisi wa Kiingereza aliyejenga tangi la majaribio huko Torquay mwaka 1872, alipima magamba ya meli yaliyoundwa kwa nta, akaonyesha kwamba mawimbi ya chombo kidogo hulingana na ya kikubwa pale mwendo unapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Jahazi la mita 15 likijengwa kwa uwiano wa 1 kwa 25 huwa na sentimita 60. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa huwa kilomita 3, ambao ni mwendo wa mtoto atembeaye ufukoni akivuta uzi. Uzito hupungua zaidi, mara 15,625, kwa hiyo tani 20 huwa kilo 1 na robo hivi. Msuguano wa maji haufuati kanuni hiyo, na Froude mwenyewe aliuhesabu kando.

Jambo moja aghalabu husahauliwa na wale wanaotoka katika masanduku. Sanduku humfundisha mjenzi kuweka mataruma kwanza na mbao baadaye. Mtepe ulijengwa kinyume chake: mbao zilishonwa kwanza zikawa ganda, ndipo mataruma yakatiwa ndani. Modeli ya mtepe iliyojengwa kwa utaratibu wa sandukuni ingeonyesha sura ya kweli kwa nje na kusema uongo kwa ndani, wala mtazamaji asingeweza kuutambua uongo huo. Kwa hiyo daftari la vipimo liwekwe pamoja na modeli, nalo liandikwe mahali, tarehe, aina ya mti wa kila sehemu, na jinsi fundi alivyosema kazi ilifuatana, tangu mkuku hadi kukalafati.