Tusimdharau Kuku Kishingo

Ndugu wanachama, wengi wetu hapa Babati twafuga kuku ili kuongezea mshahara. Lakini akitokea kishingo bandani, ndiye wa kwanza kuchinjwa, eti sura yake haipendezi. Nasema hiyo ni hasara.

Kuku hatoki jasho. Joto likizidi hutweta, huacha kula, na mayai hupungua. Kishingo hupata nafuu kwa urithi wake: aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja hupungukiwa na manyoya kiasi cha 20 kwa mia, na aliyerithi kwa wazazi wote wawili kiasi cha 40. Hivyo joto la mwili hupata njia. Tena, jogoo wa namna hii ya pili huzaa vishingo watupu, hata majike wakiwa na manyoya tele.

Yuko atakayesema kuku wa kigeni hutaga zaidi. Ni kweli, walakini mbegu iliyokwisha kupotea hainunuliwi dukani. Wenzetu wa Mbulu kwenye baridi siwashauri. Bali ninyi wa Magugu kwenye joto, jogoo kishingo mwacheni azae. Kisu kianze na mwingine.