BASARI SI BAHATI NASIBU: TUNATAKA JIBU KABLA SHULE HAZIJAFUNGULIWA

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda,

Kila mwaka, watoto wetu hapa Uganda wakishafanya mtihani wa darasa la saba mwanzoni mwa Novemba, kambi zetu huingia katika msimu wa kungoja. Kwanza tunangoja matokeo, ambayo kwa kawaida hutangazwa mwezi wa Januari. Halafu wazazi ambao watoto wao wamefaulu vizuri hungoja jambo la pili, yaani jibu la basari, ule msaada wa masomo ya sekondari unaotolewa kwa watoto wachache waliopata alama za juu. Kungoja huku kwa pili ndiko tunakotaka kukuzungumzia leo, kwa sababu kunawaumiza watu wetu, na watu wetu wananyamaza.

Tuseme mapema kwamba chama hakipingi basari. Tunawajua watoto wa wachuma chai na wakata miwa waliosoma kwa msaada huo na leo ni wauguzi, walimu na mafundi wa mitambo. Tunaufurahia msaada huo na tunawashukuru wanaoutoa. Tunachopinga ni namna unavyotolewa mahali pengi: kimyakimya, bila tarehe, na bila jibu kwa wanaokosa.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Mtoto hutahiniwa masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9, ambayo ni ya mwisho. Jumla iliyo bora kabisa ni 4, na mwenye 4 hadi 12 huhesabiwa katika daraja la kwanza. Basari nyingi humtaka mtoto wa daraja hilo, na nyingine humtaka aliye juu kabisa ya daraja hilo. Mtoto akipata alama hizo, mzazi huambiwa alete karatasi ya matokeo, barua ya mwalimu mkuu, barua ya mwenyekiti wa LC wa kijiji, karatasi ya mshahara na picha za pasipoti. Karatasi hizi hazipatikani bure. Kuna nauli ya kwenda mjini, kuna fotokopi, kuna picha, na kuna siku za kazi zinazopotea. Anayelipwa kwa kilo za majani au kwa miwa aliyokata, siku aliyokwenda kutafuta barua ni siku isiyo na mshahara.

Mzazi anapeleka karatasi hizo kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa, maana akichelewa hata saa moja hazipokelewi. Karani anazipokea na kusema, "Mtajulishwa." Basi, mazungumzo yameishia hapo. Mtajulishwa lini? Na nani? Kwa barua, kwa simu au kwa karatasi itakayobandikwa ukutani? Hakuna anayesema. Tangu siku hiyo mama anapanda kilima kila jioni kutafuta mtandao, asije akapigiwa simu asipatikane. Mtoto anakimbilia kila pikipiki inayofika kambini. Baba akikutana na nyapara anauliza, na nyapara hajui.

Kama kungoja kungekuwa ni kungoja tu, tungevumilia. Sisi ni watu wa kuvumilia. Lakini wakati tunangoja, shule hazitungojei. Siku chache baada ya matokeo kutoka, shule za sekondari huchagua wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Aliyechaguliwa hupewa barua yenye siku ya kuripoti na hesabu ya karo na vifaa, na asipofika na malipo, nafasi yake hupewa mwingine. Muhula wa kwanza kwa kawaida huanza mwezi wa Februari. Kwa hiyo mzazi ana majuma machache tu, na katika majuma hayo hana jibu.

Afanye nini? Akikopa kwa wakopeshaji wa riba ili alipie nafasi, halafu basari ikaja, atabaki na deni ambalo lisingekuwapo kama angejua mapema. Akingoja na basari isije, nafasi imekwenda na pesa hakukopa, na mtoto yuko nyumbani. Mfanyakazi anatakiwa kucheza kamari na masomo ya mwanawe, na hata hajaonyeshwa karata.

Katika shamba moja, ambalo hatulitaji, orodha ya waliopata ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi wakati wanafunzi walikuwa wamekwisha ingia darasani kwa majuma matatu. Waliopata walifurahi. Waliokosa hawakuambiwa neno. Wazazi kadhaa waliendelea kungoja, wakidhani kuna orodha ya pili. Mmoja wao alikuwa ameacha nafasi ya mwanawe katika shule ya kutwa iliyo karibu, kwa sababu aliogopa kwamba mtoto akionekana tayari ana shule atanyimwa basari. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo, lakini hakuna pia aliyekuwa amemwambia sivyo. Mtoto huyo, aliyepata daraja la kwanza, alipoteza mwaka mzima. Hakushindwa mtihani. Alishindwa na ukimya wa ofisi.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Msichana wa miaka kumi na minne anayekaa kambini Februari, Machi na Aprili bila shule, huanza kusikia maneno. Jirani anasema amekwisha kuwa mkubwa. Jamaa analeta habari za mahari. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ndoa ni kuanzia miaka 18, lakini sheria iko mbali na njaa iko karibu. Kila juma la kungoja bila sababu ni juma la kumtia msichana hatarini.

Tunaambiwa subira yavuta heri. Ni kweli. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wapo wenye kampuni na wafadhili wanaotujibu hivi: "Basari ni zawadi. Anayepewa zawadi hapangi masharti." Tunawajibu kwa heshima. Kwanza, inapotolewa na kampuni ya sukari au ya chai, fedha hiyo imetoka katika sukari na chai, na sukari na chai zimetoka katika mikono yetu. Pili, hata zawadi ina adabu yake. Kama ofisi inaweza kumwekea mzazi siku na saa ya mwisho ya kuleta karatasi, ofisi hiyo hiyo inaweza kujiwekea siku ya mwisho ya kutoa jibu.

Tena ukimya huzaa fitina. Watu wasipoelezwa jinsi watoto walivyochaguliwa, watasema ni mtoto wa karani, ni kabila la meneja, ni aliyepeleka kuku. Huenda si kweli. Lakini uchaguzi uliofanywa gizani hauwezi kujitetea. Jirani zetu wa Kenya wana mpango unaoitwa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na shirika la benki ya Equity pamoja na Mastercard Foundation. Huko waombaji huhojiwa na kamati za mahali penyewe, ambamo wamo watu wa elimu na viongozi wa dini, na nyumba za waombaji hutembelewa ili kuona hali halisi. Wanaokosa huko nao ni wengi. Lakini wanaochagua wanajulikana, na wanaijua nyumba ya yule wanayemchagua au kumwacha.

Hilo linatufikisha kwenye neno "kustahili". Mtoto wa shule ya bweni ya mjini, mwenye taa ya umeme na mwalimu wa jioni, akipata 6, na mtoto wa kambini aliyesoma katika darasa lililojaa, anayezungumza Kiswahili kambini na kutahiniwa kwa Kiingereza, ambaye siku za likizo humsaidia mama yake kuchuma, akipata 10, nani amepanda mlima mrefu zaidi? Hatusemi alama zitupwe. Tunasema alama zisomwe pamoja na mahali zilipotoka. Basari iliyowekwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi, ikihesabu alama peke yake, itawaendea wale waliokuwa na nafuu tangu mwanzo.

Wala tusisahau walio wengi. Hata basari zikitolewa kwa haki kamili, ni za wachache. Uganda ilianza mpango wa elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, na mwanzoni mtoto mwenye jumla ya 28 au bora zaidi aliweza kuingia katika shule za mpango huo bila karo ya masomo. Kenya iliondoa karo ya masomo katika sekondari za kutwa mwaka 2008. Tanzania iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hizo ni hatua kubwa. Lakini sisi tunajua kwamba karo ikiondoka hubaki sare, madaftari, chakula cha mchana na michango isiyokwisha. Tena mwaka 2018 serikali yetu ilianza kuziondoa shule za watu binafsi katika mpango huo, na pale ambapo shule ya binafsi ndiyo iliyokuwa karibu na kambi, mtoto alilazimika kutembea mbali zaidi.

Na mshahara? Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa Sh 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Kama mshahara ungetosha, mzazi asingekesha akingoja jina la mwanawe ukutani. Kwa hiyo anayepigania basari ya haki asiache kupigania mshahara wa haki. Ni vita moja.

Basi, katika mazungumzo ya mapatano mapya kati ya chama na waajiri, tunapendekeza kila tawi lisimamie mambo haya:

1. Kila kampuni yenye basari itangaze kwa maandishi, kwenye ubao wa kila kambi na kwa lugha tunayoisoma, idadi ya nafasi, masharti yake na siku ya jibu.

2. Jibu litolewe kabla ya siku ya kuripoti shuleni, na litolewe kwa wote, waliopata na waliokosa. "Hapana" iliyosemwa mapema ni msaada pia, maana mzazi hujua pa kugeukia.

3. Kamati ya kuchagua iwe na mwakilishi wa wafanyakazi aliyechaguliwa na tawi, na pia mwanamke mfanyakazi. Mwenye mtoto anayeomba asikae katika kamati hiyo.

4. Iandikwe wazi kwamba mtoto aliyeingia shule yoyote wakati anangoja hapotezi haki yake ya kupata basari.

5. Mfanyakazi apewe siku moja ya ruhusa yenye malipo kwa ajili ya kutafuta karatasi za shule.

Hakuna hata moja kati ya haya linaloihitaji kampuni kujenga jengo. Mengi yanahitaji karatasi, gundi na nia njema.

Na sisi wenyewe tuna wajibu wetu. Wazazi, msiiache nafasi ya shule ya karibu kwa ajili ya basari ambayo haijafika. Mpelekeni mtoto shuleni, basari itamkuta huko. Anzeni kuweka akiba katika chama cha akiba na mikopo tangu mtoto akiwa darasa la tano, hata kama ni kidogo, ili Januari isiwakute mikono mitupu mbele ya mwenye riba. Mwambieni mtoto ukweli, kwamba wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache, na kwamba akikosa si kwa sababu hafai. Tumewaona watoto hodari wanaoinamisha vichwa na kuacha kushika kitabu kwa sababu ya orodha moja tu. Na ninyi makatibu wa matawi, andikeni majina ya watoto wote wa kambi yenu wanaongoja, na mwende nayo ofisini pamoja, msimwache kila mzazi aende peke yake na kofia mkononi.

Mzazi mmoja akiuliza, karani humwambia arudi kesho. Tawi zima likiuliza, lazima jibu lipatikane.

Umoja ni nguvu.