Dai Lihesabiwe Baada ya Kusikilizwa

Mtu akiuza debe la mahindi sokoni na kupokea noti mkononi, biashara imekwisha papo hapo. Mnunuzi hawezi kurudi baada ya miezi minne, akapita mlango wa nyuma, na kuichukua ile noti katika kasha la muuzaji. Lakini mauzo ya kadi ndivyo yalivyo. Wenye nyumba ndogo za wageni Unguja, kampuni ndogo za kupokea watalii Arusha na Moshi, mafundi wanaowauzia watu wa ng'ambo vinyago na vikapu kwa njia ya intaneti, wote hao wamo katika biashara ambayo fedha yake huingia leo na yaweza kutolewa kesho kabla wenyewe hawajaulizwa neno. Wengi hawalijui jambo hili mpaka siku linapowafika. Na likiwafika halimwumizi mwenye nyumba peke yake. Humwumiza mpishi, mfuaji wa mashuka, dereva na mlinzi wa usiku, ambao mishahara yao hutoka katika akaunti ile ile.

Twapenda kulieleza kwa urefu kidogo, maana mikataba ya akaunti hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza kizito, na watu huitia sahihi mbio mbio ili wapewe mashine.

Mgeni anapolipa kwa kadi, fedha haiendi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kuna benki mbili. Ya kwanza ni ile iliyompa mgeni kadi, tuseme huko London au Chicago. Ya pili ni ile iliyomfungulia mwenye nyumba akaunti ya kupokelea malipo ya kadi. Kati yao limekaa shirika la kadi, kama vile Visa au Mastercard, ambalo kanuni zake huzifunga benki zote mbili. Basi mgeni akiiambia benki yake kwamba hakulipa yeye, au kwamba alilipa lakini hakupata alichoahidiwa, dai hilo hurudi kwa njia ile ile iliyopita fedha. Kwa desturi fedha hukatwa kwanza katika akaunti ya mwenye nyumba, na maelezo yake husikilizwa baadaye.

Haki hii ya mnunuzi haikuzuliwa kwa hila. Kadi zilipoanza kuenea Marekani, tangu Diners Club ya mwaka 1950, na hasa baada ya mwaka 1958, Bank of America ilipowapelekea watu wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 bila wenyewe kuziomba, mnunuzi alikuwa mnyonge sana. Kadi ikiibwa, au duka likimpelekea bidhaa mbovu, hesabu ilimjia yeye. Mwaka 1974 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumpa mwenye kadi haki ya kupinga makosa katika hesabu yake. Mwaka huo huo Uingereza nayo ikapitisha sheria ya mikopo ambayo kifungu chake cha 75 kinaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo kuwajibika pamoja na muuzaji, kwa kitu ambacho bei yake yazidi paundi 100 na haipiti paundi 30,000. Kampuni kubwa ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka mwezi wa Septemba 2019, wako waliolipia safari zao kwa kadi waliorudishiwa fedha kwa njia hizi. Hao walikuwa watu wa kazi kama sisi, waliojinyima mwaka mzima kwa ajili ya mapumziko ya wiki moja. Hatuwezi kuwaonea uchungu kwa haki yao.

Shauri letu liko kwingine. Liko katika kuuliza mzigo wa haki hiyo umewekwa begani mwa nani, na kwa kipimo gani.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Mgeni amelala siku nne, amelipa dola 400. Benki imekata ujira wake, tuseme dola 12, na mwenye nyumba amepata 388. Amenunua samaki, amelipa umeme, amewalipa watu wake. Baada ya miezi mitatu dai linafika. Zinakatwa dola 400 nzima, si zile 388, na juu yake ada ya dai lenyewe, ambayo tuiweke dola 20. Mtu huyu sasa hakupoteza mapato tu, bali amelipa dola 32 kwa kumlaza na kumlisha mgeni. Akishindwa kujibu kwa wakati, shauri limefungwa. Mgeni kwa kawaida hupewa siku 120 za kulalamika. Mwenye nyumba hupata wiki chache tu za kujibu, na baadhi ya wiki hizo huliwa na barua zikiwa bado mezani benki.

Walakini hasara hiyo ndiyo ndogo. Mwenye nyumba mwenye moyo aweza kuimeza. Kubwa ni ile inayoiandama akaunti yenyewe.

Mashirika ya kadi hutazama kila mwezi ni madai mangapi yamekuja dhidi ya mfanya biashara, yakilinganishwa na idadi ya mauzo yake. Mastercard humhesabu mtu kuwa amepita kiasi akifikisha madai 100 kwa mwezi pamoja na asilimia 1.5 ya mauzo. Visa ilikuwa na mpaka wa madai 100 na asilimia 0.9, kisha mwaka 2025 ikaleta mpango mwingine unaojumlisha madai na taarifa za udanganyifu. Msomaji atasema, nyumba ya vyumba sita itapata wapi madai mia? Ni kweli, haitayapata. Lakini benki iliyomfungulia akaunti haingoji mia. Yenyewe ndiyo itakayolipa ikiwa mfanya biashara atafilisika, na kwa hiyo hujiwekea mpaka wake, ambao mara nyingi huwa karibu na asilimia moja, bila kujali idadi.

Hapo ndipo hesabu inapomgeukia mdogo. Hoteli kubwa yenye mauzo 8,000 ya kadi kwa mwezi yaweza kupata madai 80 ikawa bado iko katika asilimia moja, na ina karani wa kuyajibu. Nyumba yetu ya vyumba sita yenye mauzo 80 ikipata dai moja, moja tu, imekwisha fika asilimia 1.25. Mgeni mmoja aliyesahau, au aliyekasirishwa na mvua, ametosha kuifanya ionekane kama pango la wezi. Tena katika hesabu hii dai huingia siku lilipoletwa. Mwenye nyumba akishinda baadaye, fedha yake hurudi, lakini alama ile haifutwi katika hesabu ya mwezi. Hatujui mahakama yoyote yenye heshima inayohesabu mashtaka mahali pa hukumu.

Benki ikiisha kuogopa, huongeza ujira, au huanza kushikilia sehemu ya kila mauzo kama dhamana. Desturi moja iliyoenea ni kushika sehemu 10 katika kila 100 kwa miezi sita. Kwa nyumba inayopokea dola 10,000 kwa mwezi, hiyo ni dola 1,000 kila mwezi, mpaka zimelala dola 6,000 ambazo ni za mwenye nyumba lakini hawezi kuzigusa. Mshahara wa mwisho wa mwezi haungoji siku 180. Kwanza hupunguzwa kibarua wa bustani, kisha msaidizi wa jikoni. Na kama benki itaamua kuifunga akaunti kwa sababu ya madai, jina la biashara laweza kuandikwa katika orodha ya Mastercard iitwayo MATCH, ambayo benki huitazama kabla ya kumpokea mtu. Jina likiingia humo hukaa miaka mitano. Kwa nyumba ambayo wageni wake hulipa wakiwa bado Ulaya, miaka mitano bila kadi ni kama kufungiwa barabara.

Biashara ya safari ina ubaya wake zaidi. Mtalii hulipa leo kwa safari ya mwakani. Katika kanuni za Visa, kwa huduma ambayo haikutolewa, zile siku 120 huhesabiwa tangu siku mgeni alipotarajia kuhudumiwa, ila zisipite siku 540 tangu siku ya malipo. Mwaka na nusu! Yaliyotokea mwaka 2020 hayajasahaulika. Dunia ilifunga milango kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na kwetu ndege za kimataifa za abiria zilizuiwa mwezi wa Aprili mpaka Mei. Fedha za wageni wa msimu wa Juni zilikuwa zimekwisha lipwa kwa mahoteli, kwa matengenezo ya magari, kwa mishahara. Wako wageni waungwana waliokubali kuahirisha. Wengine walikwenda kwa benki zao, na kampuni ndogo zikatakiwa kurudisha fedha ambayo haikuwa mikononi mwao tena.

Yako pia madai ya uwongo, nayo yana jina la ajabu: Wazungu wenyewe huyaita udanganyifu wa kirafiki. Mtu amelala, amekula, amepiga picha ufukweni, kisha akifika kwao husema hakuja. Sisi hatuoni urafiki wowote hapo. Na kwa kuwa sasa wananchi wetu wengi nao wana kadi za benki na wananunua kwa intaneti, twawaambia ndugu zetu wazi: kumpinga muuzaji aliyekupa haki yako ni kumwibia, hata kama umefanya hivyo kwa kubonyeza simu ukiwa kitandani.

Hatuwatetei wafanya biashara wazembe. Yuko anayeuza chumba kimoja kwa watu wawili. Yuko anayeandikisha kampuni kwa jina la ukoo wake na kuita nyumba yake kwa jina la ua, hata mgeni akiisoma taarifa ya akaunti yake huko kwao asilijue jina lile na kudhani ameibiwa. Madai mengi ya bure huanzia hapo, na dawa yake ni barua moja kwa benki ya kuomba jina linalojulikana ndilo litokee. Yuko na anayemrudishia mgeni fedha taslimu, bila maandishi, kisha akakatwa mara ya pili kwa dai. Fedha iliyoingia kwa kadi irudi kwa kadi ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu cha wageni chenye sahihi, barua zote walizoandikiana, masharti ya kuvunja safari ambayo mgeni aliyakubali kabla ya kulipa, hivyo ndivyo vielelezo vinavyoshinda. Zile namba za siri za mara moja ambazo benki humtumia mwenye kadi anaponunua kwa intaneti nazo husaidia, kwa maana mara nyingi dai la kadi iliyoibwa huwa mzigo wa benki iliyoitoa. Lakini hazimkingi mtu aliyeshtakiwa kwamba hakutoa huduma.

Mashirika ya kadi yako mbali, na sauti yetu huenda isiwafikie, lakini benki zetu ziko barabara ya pili. Hakuna kinachozizuia kuacha kumhesabia mteja mdogo dai ambalo bado linasikilizwa, wala kumpigia simu siku ile ile dai linapoingia badala ya kuacha wiki zipite, wala kutazama idadi ya madai kabla ya kukimbilia asilimia. Na kabla mashine haijawekwa juu ya meza, mwenye nyumba apewe karatasi moja ya Kiswahili inayotaja ada ya dai, mpaka wa benki, kiasi kitakachoshikiliwa na kwa miezi mingapi. Karatasi hiyo yaweza kuandikwa kwa siku moja. Msimu wa wageni huanza Juni, na twataka kuiona kabla ya hapo.