Kuandika "zawadi" kwenye kifurushi si ujanja

Katika makundi ya WhatsApp ya wanunuzi wa mtandaoni, Nairobi hadi Mombasa, ushauri ni ule ule. Mwambie muuzaji aandike "zawadi". Bei aishushe hadi dola kumi. Na mtu wa forodha akiuliza, mkumbushe kwamba mzigo wa chini ya dola 500 hautozwi chochote. Wanaoutoa ushauri huu wana nia njema na wengi wanaupokea kama sheria. Ni ushauri mbovu, na wa kwanza kuumia ni yule anayeufuata.

Hizo dola 500 zilikuwemo kweli katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ila ziliwekewa msafiri: mtu aliyekaa nje ya nchi wanachama kwa zaidi ya saa 24, anayerejea na vitu vyake. Mwaka 2023, wasafiri walipolalamika kuhusu mabegi kupekuliwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilikitaja kikomo hicho hadharani. Watu wamekishika kiasi na kuliacha sharti. Viatu vilivyoagizwa kutoka Guangzhou na mtu ambaye hajatoka Buruburu havina msafiri wa kusamehewa. Wala neno "zawadi" haligeuzi kitu kilicholipiwa kwa kadi ya benki kuwa kitu cha bure.

Hesabu yenyewe haina siri. Chukua nguo ambayo forodha imekubali thamani yake ni shilingi 10,000. Tangu Julai 1, 2022, nguo zimo katika kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya, asilimia 35, yaani shilingi 3,500. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwenye 10,000 bali kwenye 13,500, kwa kuwa ushuru huongezwa kwanza. Hiyo ni 2,160. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 250. Ushuru wa reli, uliopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024, ni 200. Jumla ni shilingi 6,110. Ni mzigo mzito, na anayeguna ana haki ya kuguna. Lakini kuguna ni jambo moja, na kughushi risiti ni jambo jingine.

Risiti ya uongo inafanya nini hasa? Forodha huanza na bei iliyolipwa kweli. Ikiitilia shaka, humtaka mwagizaji athibitishe, na asipoweza, huiweka kando na kutumia bei ya bidhaa zinazofanana. Afisa anayetazama simu mpya iliyoandikwa dola kumi hahitaji upelelezi wowote: tovuti ile ile aliyonunulia mteja iko wazi mbele yake. Hapo kifurushi hubaki ghalani, gharama za kukihifadhi zikaanza kuhesabiwa, na mwenye mali akaanza kutafuta ile risiti halisi aliyoomba ifichwe. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo hiyo kinamwekea mtoa taarifa za uongo kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa makundini. Kifurushi kikipotea njiani au kikifika kimevunjika, msafirishaji hutazama thamani iliyoandikwa. Aliyeandika dola kumi hana pa kusimama kudai 200.

Wapo wanaojiona salama kwa sababu hutumia ajenti wa kilo, yule anayesema kodi imo ndani ya bei. Huenda imo. Mnunuzi anajuaje, ikiwa hajawahi kuonyeshwa karatasi ya forodha hata moja? Mizigo ya watu wengi hupakiwa katika kontena moja, na uongo wa mmoja unaweza kuwafungia wote. Wafanyabiashara wadogo wa Nyamakima, Nairobi, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mwaka 2018 na 2019, ukaguzi wa mizigo ya pamoja ulipokazwa, walilalamika na kuandamana huku bidhaa zao zikiwa zimekwama, mkweli na mdanganyifu pamoja.

Dai linalosikika sana ni kwamba "huko ng'ambo" hakuna usumbufu wa aina hii. Hilo limekwisha. Umoja wa Ulaya ulianza kutoza VAT hata kwenye vifurushi vya chini ya euro 22 tangu Julai 1, 2021. Marekani, iliyokuwa ikiachia bidhaa za hadi dola 800 bila ushuru, ilifunga mlango huo kwa nchi zote Agosti 29, 2025. Afrika Kusini nayo ilibana mwaka 2024, baada ya wafanyabiashara wa nguo kulalamika kwamba Shein na Temu wanauza kwa masharti mepesi kuliko yao.

Malalamiko hayo yana uzito wake hapa pia. Fundi wa Ngara anayeshona magauni hutumia kitambaa, uzi na zipu ambavyo, vikitoka nje, hulipiwa ushuru kabla hajakata hata kipande kimoja. Gauni linaloingia kama "zawadi ya dola kumi" linampokonya mteja kwa hila, si kwa ubora wala kwa bei ya haki. Ni vigumu kumwita mzalendo anayedai ajira kwa vijana huku akimfanyia fundi huyo hivyo.

Serikali nayo ina deni hapa. Ulaya, tangu 2021, muuzaji aliyejisajili anaweza kukusanya VAT ya mzigo mdogo pale pale mteja anapolipa, kwa hiyo hakuna bili ya ghafla mlangoni. Mkenya hupata jumla yake mzigo ukiwa umeshatua, na mara nyingi hupewa namba moja isiyo na mchanganuo. KRA iweke kikokotoo rahisi cha simu, kwa Kiswahili, kitakachomwonyesha mnunuzi kila tozo kabla hajalipa. Wasafirishaji na maajenti walazimishwe kutoa mchanganuo ulioandikwa kwa kila kifurushi.

Na mnunuzi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipia, apige hesabu ya ushuru kwanza. Akiona jumla haimfai, aache kuagiza. Akiagiza, aandike bei aliyolipa.