Runinga mpya zaingia sokoni: Nani ataiacha ile ya zamani?

Kila mwanzo wa mwaka, katika mji wa Las Vegas nchini Marekani, kampuni zinazotengeneza runinga huonyesha bidhaa zinazotarajia kuziuza katika miezi inayofuata. Januari 2026, herufi zilizotawala katika kumbi za maonyesho hayo, yanayojulikana kama CES, zilikuwa RGB. Samsung ilifika na runinga ya aina hiyo yenye inchi 130, na wapinzani wake LG na Hisense nao walikuwa na zao.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Nyuma ya kioo cha runinga nyingi za sasa kuna taa ndogo za LED zinazotoa mwanga mweupe au wa buluu, na rangi anazoziona mtazamaji hupatikana baada ya mwanga huo kuchujwa. Katika teknolojia hii mpya, kila kundi la taa lina nyekundu yake, kijani yake na buluu yake, hivyo rangi huanza kutengenezwa huko nyuma kabla mwanga haujafika kwenye kioo. Rangi hutoka nzito na safi zaidi. Samsung ilipoanza kuuza ya kwanza, ya inchi 115, Agosti 2025, bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 29,999. Kampuni hiyo imekwisha kutangaza ukubwa mwingine kuanzia inchi 55, jambo linaloashiria kuwa bei itateremka, kama ilivyoteremka ya runinga za OLED. LG ilipoanza kuuza OLED ya inchi 55 nchini Marekani mwaka 2013, mnunuzi alitakiwa kutoa karibu dola 15,000. Leo ukubwa huohuo hupatikana kwa chini ya sehemu ya kumi ya fedha hizo.

Bei, kwa hiyo, ni suala la subira. Lililo gumu kulijibu ni kama mtu mwenye runinga inayofanya kazi atakubali kuitoa ukutani kwa sababu tu imetokea nyingine yenye picha nzuri zaidi. Kumbukumbu za miaka kumi na mitano iliyopita hazizipi moyo kampuni hizo.

Filamu ya Avatar ilipotoka mwishoni mwa 2009 na kujaza kumbi za sinema, watengenezaji waliamini kwamba kila sebule ingetaka picha za 3D. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, mechi 25 zilirekodiwa kwa mfumo huo. Chaneli maalumu zikafunguliwa: ESPN 3D nchini Marekani mwezi Juni 2010, na Sky ya Uingereza ikawa na yake mwaka huohuo. ESPN ilifunga chaneli hiyo mwaka 2013, na mwaka huo BBC nayo ikasitisha majaribio yake ya vipindi vya 3D. Kufikia 2017, LG na Sony zilikuwa zimeacha kutengeneza runinga za namna hiyo. Watu hawakukataa kwa sababu picha ilikuwa mbaya. Walikataa kuvaa miwani sebuleni kwao, kuwanunulia wageni miwani, na kuwa na runinga ya gharama ambayo vipindi vyake vilihesabika kwa vidole.

Baada ya 3D ikaja 8K. Hapa inafaa kuwataja Wajapani, kwa sababu wao hawakuanzia dukani. Shirika la utangazaji la umma la nchi hiyo, NHK, lilianza utafiti wa picha za ubora wa juu baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, na tarehe 1 Desemba 2018 lilifungua chaneli ya setilaiti inayorusha matangazo kwa 8K. Picha ya 8K ina nukta zaidi ya milioni 33. Ya 4K ina milioni 8.3; na ile iliyozoeleka ya Full HD ina takriban milioni mbili. Mashindano ya Olimpiki yaliyofanyika Tokyo mwaka 2021 yalionyeshwa kwa ubora huo. Hata hivyo, nje ya Japani mkondo huo haukufuatwa na mashirika mengi ya utangazaji. Tangu Machi 2023 Umoja wa Ulaya umezibana runinga za 8K kwa masharti ya matumizi ya umeme yaleyale yanayozihusu za 4K. TCL ikaacha kutoa modeli mpya za 8K, na Sony ikafuata mwaka 2025. Sony hiyohiyo ilikuwa imeandika 8K juu ya boksi la PlayStation 5 ilipoizindua mwaka 2020, na mwaka 2024 maandishi hayo yakaondolewa bila kelele.

Sehemu ya sababu imo ndani ya jicho la binadamu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakishirikiana na kampuni ya Meta, walichapisha matokeo ya vipimo vya uwezo wa macho kutofautisha nukta. Walieleza kwamba katika sebule ya kawaida ya Uingereza, ambako mtazamaji hukaa mita 2.5 kutoka kwenye runinga, kioo cha inchi 44 chenye 4K au 8K hakimpi faida yoyote ya ziada juu ya kioo cha ukubwa huo chenye nukta milioni 3.7 tu. Nje ya maabara, mtu anaweza kuthibitisha hesabu hiyo kwa rula: nukta moja ya runinga ya inchi 32 ya Full HD ina upana wa takriban milimita 0.37, na nukta ya runinga ya inchi 65 ya 4K ina upana uleule. Kilichoongezeka ni ukubwa wa kioo. Familia iliyohama kutoka ya kwanza kwenda ya pili na kukaa kwenye kochi lilelile imepata picha kubwa zaidi, na pengine hilo ndilo ililolitaka tangu mwanzo.

Kwa kweli 4K yenyewe, inayotajwa kuwa mfano wa mafanikio, haikuchaguliwa na wateja kama kampuni zinavyopenda kusimulia. Viwanda viliacha kutengeneza vioo vikubwa vya Full HD, hivyo aliyekwenda dukani kutafuta runinga ya inchi 55 alirudi na 4K, awe aliiomba au hakuiomba. Kuna uwezekano mkubwa kwamba RGB itaingia majumbani kwa mlango huohuo: polepole, kupitia runinga zinazokufa na kulazimika kubadilishwa.

Historia ya runinga ya rangi inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Marekani iliidhinisha mfumo wake wa rangi Desemba 1953, na runinga za kwanza zilizouzwa mwaka uliofuata zilikuwa na bei ya dola 1,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kwa zaidi ya muongo mmoja wananchi wengi walibaki na nyeusi na nyeupe zao. Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 1960, vituo vikubwa vitatu vilipoanza kurusha karibu vipindi vyote vya jioni kwa rangi. Zanzibar, kwa upande wake, ilianzisha televisheni mwaka 1973 moja kwa moja kwa rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote. Visiwani hapakuwa na runinga za zamani za kubembeleza watu waziache, wala mitambo ya zamani ya kubadilisha. Asiye na kitu cha kuacha hupokea kipya kwa wepesi.

Hapo ndipo suala hili linapowagusa wakazi wa Afrika Mashariki na nchi jirani. Mabadiliko makubwa zaidi ya runinga yaliyowahi kuzikumba nyumba za eneo hili hayakutokana na kioo kipya. Yalitokana na amri. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikiwatangulia majirani zake, na Juni 17, 2015 ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa. Nchini Kenya, mvutano kati ya serikali na kampuni kubwa za habari ulifanya vituo vya Citizen, NTV na KTN vitoweke hewani kwa takriban wiki tatu, kuanzia katikati ya Februari 2015. Mamilioni ya watu walitakiwa kuchagua: kununua runinga mpya, kununua king'amuzi, au kukaa gizani.

Wengi walinunua king'amuzi. Runinga ya chogo iliendelea kukaa juu ya kabati, ikiunganishwa na kisanduku kipya kwa nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, na ikafanya kazi miaka mingine mingi. Huo haukuwa ukaidi wala kutokujua. Kwa nyumba yenye kipato kidogo, kisanduku kilileta kila kitu kilichobadilika hewani. Runinga mpya isingeongeza taarifa ya habari hata moja. Na wapo ambao hata king'amuzi kiliwashinda bei, wakarudi kwenye redio. Hilo husahaulika katika ripoti zinazohesabu zoezi hilo kuwa lilikamilika.

Hali ya hewani bado inawapa hoja wasiotaka kubadilisha. Chaneli ya 8K ya NHK huhitaji takriban megabiti 100 kwa sekunde. Masafa ya ardhini ya mfumo wa DVB-T2, yenye upana wa megahezi 8, kwa kawaida hubeba megabiti 30 hadi 40, na hizo hugawanywa miongoni mwa vituo vingi. Chaneli moja ya namna ya Kijapani isingeenea hata kama vituo vingine vyote vingeondolewa. Anayetegemea intaneti naye ana hesabu yake: Netflix inaeleza kuwa saa moja ya picha za 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7, dhidi ya takriban 3 za HD. Mwenye kununua bando la siku anafahamu maana yake bila kuelezwa zaidi.

Wapo, hata hivyo, watakaobadilisha, na wa kwanza si lazima wawe matajiri. Mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, kiitwe kibanda umiza kama Tanzania au kibanda tu kama Uganda, hununua kioo kikubwa kwa hesabu za biashara. Watu themanini waliokaa kwenye mabenchi hawaoni mpira kwenye inchi 43, na aliye benchi la mwisho hulipa kiingilio sawa na wa mbele. Kwake inchi ni mtaji. Mechi za Kombe la Dunia la 2026, kwa kuwa zinachezwa Amerika Kaskazini, zinaangukia kati ya jioni na alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, muda ambao si kila mtu atatoka nyumbani. Lakini mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litafanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na wafanyabiashara wa runinga hawahitaji kukumbushwa.

Nyumbani, shinikizo linakuja kwa njia isiyoonekana. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung, zikiwemo za 2010 na 2011. Kioo kilikuwa kizima, rimoti nzima, umeme upo. Programu ndiyo iliyokufa. Runinga ya chogo ilikuwa na uwezo wa kuishi miaka ishirini mikononi mwa fundi mwenye kaya ya kuchomelea. Runinga janja inaweza kuzeeka ikiwa imekaa kimya ukutani. Ukiongeza na kupanda na kushuka kwa umeme, taa za nyuma ya kioo ndizo huungua mapema, na mafundi wa mijini wamekwisha kuzoea kubadilisha vipande vyake kwa gharama ya wastani. Taa za RGB, zenye rangi tatu na mitambo ya kuziongoza kila moja peke yake, zitawatoa jasho zaidi mafundi hao, na hili halimo katika matangazo ya biashara.

Kwa sasa, anayefikiria kununua runinga kabla ya mashindano ya 2027 ana maswali machache yenye uzito kuliko idadi ya nukta: kama runinga ina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, kama taa zake zinapatikana kwa mafundi wa karibu, na kama itakubali king'amuzi chake cha zamani. Video za maua na samaki zinazochezeshwa dukani hutengenezwa mahsusi ili kila kioo kipendeze. Muuzaji anaweza kuombwa achomeke antena na kuweka taarifa ya habari ya saa mbili usiku.