MNAOSEMA GOD OF WAR MPYA IMEPOA, MNAPIMA GEMU AU MNAPIMA SAA YA KIBANDA?

Haya wadau, leo ukweli usemwe, wa kununa anune.

Kuna mchambuzi mmoja wa gemu, jina kapuni, kijana wa Chake Chake ambaye klipu zake zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, Pemba mpaka Unguja. Majuzi kapandisha klipu ya dakika mbili, kofia kichwani, pedi mkononi, akatoa hukumu: God of War za zamani ndiyo gemu, hizi mbili za mwisho "ni tamthilia ya Kituruki, maneno mengi kazi hakuna". Komenti zikajaa moto na makofi. Siku mbili baadaye kila baraza lilikuwa linaimba wimbo huo huo.

Swali ni moja tu. Huyo mheshimiwa kaimaliza hata moja kati ya hizo mbili? Wanaokaa naye kibandani wanasema hajafika hata nusu. Watu wakianza kuongea tu, yeye anaruka. Kisha anatoka nje kulalamika kwamba stori haieleweki. Ni sawa na mtu aliyekula kachori moja mlangoni akaondoka, halafu akatangaza mtaa mzima kwamba harusini hakukuwa na pilau.

ZA ZAMANI ZIPEWE HAKI YAKE

Hakuna anayebisha kwamba za zamani ni moto. Ya kwanza ilitoka 2005 kwenye PS2. Inaanza na Kratos anajirusha kutoka juu ya jabali, stori inarudi nyuma wiki tatu, na hujakaa sawa tayari umo ndani ya merikebu unapigana na joka la vichwa vingi. Ya pili, 2007, inakufungulia na sanamu kubwa la Rhodes lililopewa uhai likikuandama mji mzima. Ya tatu, 2010 kwenye PS3, ndiyo usiseme kabisa: uko juu ya mwili wa Gaia, anapanda Mlima Olympus, na Poseidon anakungojea.

Na stori yenyewe ni ya mstari mmoja. Mtu kadanganywa na mungu Ares, kaua mke na mtoto wake mwenyewe, majivu yao yakamganda mwilini, ndiyo maana yuko mweupe vile. Anadai kisasi mpaka kwa Zeus, ambaye mwisho wa siku inajulikana ni baba yake. Basi. Kisasi hakihitaji mkalimani. Mtoto wa Micheweni ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha darasani tu aliielewa ile gemu kwa macho, kwenye TV ya chogo, na CD ya kuchoma inayokwamakwama.

Lakini wanaosifia kasi ya zamani wana tabia ya kusahau kitu. Kufika ya tatu, miungu inapanga foleni tu kufa. Hades, Helios, Hermes, Hercules, huyu kang'olewa kichwa, yule kakatwa miguu. Ukifika kwa Zeus dunia yote imeshaharibika na hakuna aliyebaki wa kumhurumia. Mkuki kwa nguruwe kila dakika, mwisho mkono unazoea. Ndiyo maana ilipotoka Ascension mwaka 2013, stori ikabidi irudi nyuma kabla ya ile ya kwanza, kwa sababu mbele hakukuwa na pa kwenda. Nani anaizungumza Ascension barazani leo? Hakuna.

Na kuna ile ambayo nusu ya vijana wa Pemba wanayo kwenye simu, Chains of Olympus ya PSP, ya mwaka 2008, inayochezwa kwa PPSSPP. Muulize aliyeimaliza anakumbuka nini. Hatakutajia idadi ya maadui. Atakwambia pale Kratos alipompata mwanawe Calliope, kisha ikambidi amwache. Mtoto kamng'ang'ania, na wewe ndiye unayebonyeza kitufe kumsukuma. Unabonyeza mwenyewe, kwa kidole chako, mara nyingi. Hakuna anayekufa pale, na hakuna sehemu iliyouma kuliko ile. Kwa hiyo hata zamani, stori iligusa pale mbio zilipokata.

Mpemba anapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Kwenye mchezo wa ng'ombe, ng'ombe anatoka mbio tangu saa ya kwanza mpaka magharibi? Kuna ngoma, kuna nyimbo, kuna mwenye nguo anayemchokoza, ng'ombe anasimama, anakwangua ardhi, uwanja unanyamaza. Ule unyamavu ndio mchezo. Akikimbia mfululizo, huyo ni ng'ombe aliyekata kamba tu.

SASA HII "TAMTHILIA YA KITURUKI"

God of War ya 2018 inaanza na mtu anakata mti. Mti wenyewe ni wa kumchomea maiti ya mkewe. Wosia wa marehemu ni mmoja: majivu yake yapelekwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote katika falme zote. Safari ni ya baba na mwana, Kratos na Atreus, watu wawili wasiojua kuongea. Mtoto anapiga swala mshale, baba anamshikia kisu wammalize pamoja, kisha baba anainua mkono amguse mwanawe begani, anausita hewani, anaurudisha. Sekunde tatu hazifiki. Aliyeruka hakuona kitu. Aliyeona ameshajua gemu nzima inahusu nini.

Kamera haikatwi toka mwanzo hadi mwisho, inawafuata kama mtu wa tatu wa safari. Na wakishapanda mtumbwi kwenye Ziwa la Falme Tisa, kichwa cha Mimir kilichoning'inia kiunoni kinawapigia hadithi. Hadithi haijaisha mnafika gatini? Mimir anakatiza. Mnashuka, mnapigana, mnarudi mtumbwini, naye anaendelea pale pale alipoachia. Hii ndiyo wanaiita "maneno mengi"! Kisiwa kizima kimelelewa na paukwa-pakawa, bibi akikatiza hadithi ili uende ukalete maji, na ukirudi anaendelea. Leo kijana wa kisiwa hicho hicho, aliyevuka maji tangu tumboni mwa mamake, anaona hadithi ya mtumbwini ni upotevu wa muda.

Halafu katikati mtoto anaugua. Baba anarudi nyumbani peke yake, anafukua chini ya sakafu, anatoa zile panga za minyororo za zamani, zile zile za PS2, alizoapa kutozishika tena. Kwa aliyevumilia saa zote za polepole, nywele zinasimama. Kwa aliyeruka, kabadilishiwa silaha tu.

SHIDA IKO WAPI HASA?

Shida ya kwanza ni pesa. Kibandani mtu analipa nusu saa. Hadithi moja ya Mimir ikianza, wenye foleni nyuma washaanza: "Yakhe ruka, sie tunangojea!" Gemu ya mpira inaingia ndani ya nusu saa. God of War ya zamani inaingia, unaua bosi mmoja unatoka na raha yako. Hii mpya ilitengenezwa kwa mtu aliyejilaza sebuleni usiku mzima, Pemba inauzwa kwa vipande kama nyama ya mshikaki. Ukikata kitu vipande, usikilaumu kwamba hakina mwili.

Ya pili ni lugha, na hapa ndipo ile klipu inapojichoma yenyewe. Mbona tamthilia za Kituruki zenyewe hazijapoa? Sultan aliporushwa Azam TV, mitaa ilikuwa kimya. Watu wazima walikaa saa nzima wakitazama watu wamevaa majoho wanasemezana koridoni, hakuna panga lililochomolewa, na hakuna aliyesema imepoa. Kwa nini? Kwa sababu ilitiwa Kiswahili! Hizi God of War mbili zimetiwa Kiarabu kwa ajili ya soko la Uarabuni. Kiswahili hamna. Kwa hiyo kijana anayesema "imepoa" mara nyingi anaona haya kusema "sijaelewa". Kutoelewa Kiingereza cha Mimir si aibu, jamaa anaongea Kiskoti mdomo umejaa. Aibu ni kugeuza kutoelewa kwako kuwa hukumu ya gemu, halafu watu wakufuate.

Na wanaofuata wanaumiza wengine. Kuna dogo mmoja wa Wete, mwanafunzi wa skuli, aliyekuwa akiicheza hiyo ya 2018 kwa pesa za kuchuma karafuu, nusu saa leo, nusu saa wiki ijayo. Harukii kitu. Anakwenda na daftari, neno asilolijua analiandika, kesho yake anamuuliza mwalimu. Wenzake wakimcheka, yeye kimya. Alikuwa kabakisha kidogo tu afike kileleni na yale majivu. Klipu ikatoka, wateja wakaanza kumwambia mwenye kibanda "kaka, hiyo tamthilia toa", na kaka ni mfanyabiashara, akaibadilisha kwa gemu ya mpira. Dogo kaja na pesa yake mkononi, diski haipo. Daftari analo, mwisho hana. Mchambuzi na klipu yake ya dakika mbili hata hajui kwamba huyo mtoto yupo.

RAGNARÖK NAYO ISIPAKWE MAFUTA

Isije ikaonekana hizi mpya hazina dosari. Ya 2018 ilibeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na ilistahili. Ragnarök ya 2022 ni kubwa zaidi, lakini mwendo wake unayumba. Ile sehemu ya Ironwood, Atreus na Angrboda wanachuma matunda na kulisha wanyama, ni ndefu mno, na walioimaliza gemu kwa haki kabisa wamelalamika. Halafu vita vyenyewe vya Ragnarök, vilivyobeba jina la gemu, vinapita mbio kama daladala lisilotaka abiria. Santa Monica Studio walishasema mapema kwamba stori ya huko kaskazini itamalizwa kwa gemu mbili, na inaonekana: mambo ya gemu mbili yamesukumwa ndani ya moja. Wamekaa pale pa kupita, wamepita pale pa kukaa.

Huo sasa ndio uchambuzi. Unataja mahali, unasema kwa nini, na umefika mwisho. Ukisema Ironwood inachosha, utasikilizwa. Ukisema "maneno mengi" na hujayasikia maneno yenyewe, wewe ni mpiga debe.

KWA HIYO?

Wenye vibanda, wekeni bei ya saa mbili au tatu kwa wacheza stori, hata kama ni asubuhi ambapo viti viko tupu. Nyie mnaojua Kiingereza, badala ya kucheka wenzenu, kaeni pembeni ya pedi mtafsiri; waliowahi kutazama DVD zilizotiwa maneno na DJ wanajua sauti moja ya Kiswahili inavyoweza kuamsha chumba kizima. Na wewe mchambuzi mwenye kofia, fanya jambo moja tu. Itafute hiyo diski, ikalishe mpaka majivu yamwagwe, kisha toa klipu nyingine. Ukibaki na hukumu yako ile ile, sawa, utaheshimiwa.

Ila usisahau kumchukua yule dogo wa Wete mkae pamoja. Yeye ndiye atakayekufasiria.

Wadau, ipi kali kwako, za Ugiriki au za kaskazini? Na uliimaliza kweli au uliruka? Shuka hapo chini useme.