Si kila jiwe jeusi ni oniksi

Mpenzi msomaji, ukiingia soko la Muthurwa, kando ya mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli, katikati ya marundo ya mitumba, sufuria na sukumawiki hukosi kukutana na mkufu au kipuli cheusi kinachometameta. Muulize mwenyewe ni jiwe gani, naye atakujibu, "Oniksi hiyo, mama!" Hatua chache mbele, kipuli kinachofanana nacho kinaitwa obsidiani na bei yake ni maradufu. Sasa mzazi aliyejinyima ili amnunulie bintiye zawadi ya kuhitimu atajuaje analipia nini?

Kwanza elewa kwamba weusi si jina la jiwe. Kioo cha kiwandani ni cheusi, plastiki ni nyeusi, na hata jiwe jeupe likipakwa rangi huwa jeusi. Kwa hiyo yaache macho kidogo, uanze na mkono.

Liweke jiwe shavuni. Jiwe na kioo huwa baridi. Plastiki haina ubaridi huo. Kisha lipime uzito kiganjani. Likiwa zito kuliko ulivyotarajia na lina mng'ao wa chuma, huenda ni hematiti, yaani madini ya chuma, ambayo uzito wake ni karibu mara mbili ya mawe ya kawaida. Ukiisugua nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, huacha alama nyekundu kama kutu. Lakini shanga zikinasana zenyewe kama sumaku, hizo zimetengenezwa kiwandani. Hematiti ya asili haivutani hivyo.

Tatu, tazama ukingo wake mwembamba dhidi ya jua. Obsidiani ni kioo kilichofinyangwa na volkano, na ukingo wake hupitisha mwanga wa rangi ya moshi. Likivunjika huacha mikunjo kama ya gamba la kombe na makali yanayoweza kukukata vidole. Kioo cha kiwandani ni ndugu yake, nao ugumu wao unakaribiana, kwa hiyo kisu hakitakusaidia kuwatenganisha. Tafuta mshono wa kalibu au viputo vingi vya mviringo; hizo ni dalili za kiwanda.

Nne ni ugumu. Mnamo 1812 Friedrich Mohs alipanga madini katika ngazi 10, kuanzia lililo laini hadi almasi. Oniksi iko karibu na ngazi ya 7, hivyo kisu cha kawaida hakiikwaruzi, bali yenyewe hukwaruza kioo. Lakini fahamu kwamba oniksi nyingi nyeusi madukani ni akiki iliyotiwa weusi. Hilo si kosa mradi muuzaji aseme, maana mbinu yenyewe ni ya tangu enzi za Warumi, na weusi huo umepenya ndani, hautoki kwa kufutwa.

Tofauti na hapo ni jiwe la Kisii kutoka Tabaka. Kwa asili huwa jeupe, la maziwa, la waridi au la kijivu, na ni laini hata msumari hulichora. Lile jeusi lenye michoro meupe mara nyingi limepakwa rangi kisha likachorwa, ndipo weupe wa ndani ukatokea. Ni kazi nzuri ya mikono, nayo yastahili kulipiwa kwa jina lake halisi. Kasoro huja linapouzwa kwa jina la kuazima.

Tahadhari, msomaji: usikwaruze mali ya mtu kabla hujailipia, wala usichome kipuli kwa sindano ya moto, maana utakiharibu na kuvuta moshi mbaya. Sokoni tumia shavu, kiganja na mwanga. Kisu na kigae ni vya nyumbani, tena mahali pasipoonekana. Wala usikimbilie kumwita mchuuzi mwizi. Pengine naye alidanganywa na aliyemuuzia kwa jumla. Mwambie tu, "Ndugu yangu, kama ni kioo, nipe bei ya kioo."

Nanyi wanafunzi, msidhani thamani ya obsidiani imeletwa na maduka ya vito. Kule Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, watafiti walieleza mwaka 2018 kuhusu zana za obsidiani za zaidi ya miaka 295,000, ambazo mawe yake yalitolewa umbali wa kilomita 25 hadi 95. Wazee wetu hao walilijua jiwe zuri kwa makali yake, wakalifuata mbali. Mkizuru Hell's Gate, Naivasha, mtayaona mapande yake yakimeremeta chini. Yatazameni na kuyaacha papo hapo, kwani mbuga ni ya sote.

Pesa ni zako, msomaji, na kuuliza si ujinga. Tukutane Jumapili ijayo.